Saa Iliyonyamazisha Nyumba

Saa ya Rhéal ikishaanza kurudi nyuma, nyumbani kwa akina Courchesne hata birika lilitakiwa kuwa na adabu. Huguette, mkewe, aliliondoa jikoni kabla halijapiga mluzi. Kengele ya mlango aliizima, simu akaifunika kwa taulo, na mbwa akampeleka kwa jirani ambaye wala hapendi mbwa. Nani angemlaumu? Mume alikuwa chumbani anasomea mkate wa nyumba nzima.

Saa yenyewe haikuwa ya ukutani. Ilikuwa video ya mtandaoni, na aliyemtumia ni binti yao Josiane anayesoma Ottawa. Ukiifungua, kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi tii, katikati kuna namba nyeupe kubwa zinazoshuka kutoka saa tatu mpaka sifuri, na nyuma yake inasikika sauti ya mvua. Hakuna tangazo wala mtu anayesema. Josiane alieleza kwamba wanafunzi wenzake wote wanasoma hivyo: unaiwasha, unakaa, huinuki mpaka imalizike. Akamwambia mama yake kwamba saa ikiwa inakwenda, baba hayupo, wamchukulie kama amesafiri. Huguette akalishika neno hilo kama amri ya kanisani.

Rhéal alikuwa fundi msaidizi kwenye mtambo wa maji wa mji wetu, Val-Perron, tangu Josiane hajazaliwa. Mkuu wake, mzee Lucien, alikuwa anastaafu barafu ya mtoni ikiyeyuka, na sheria inataka mkuu wa mtambo awe na cheti cha mtihani, si cha mazoea. Mtihani wa kwanza, majani yalipokuwa yakipukutika, Rhéal aliufeli vibaya, akasema alikuwa na homa. Ulibaki mmoja, mwezi wa tatu. Akishindwa na huo, halmashauri ingeleta kampuni ya mbali iendeshe mtambo, na yeye, na miaka yake hamsini na mbili, aanze kutafuta kazi katika mji ambao kiwanda cha mbao kimeshafungwa. Kila mtu alijua. Kwetu Val-Perron ukipiga chafya ofisi ya manispaa, unaombewa afya kanisani.

Kwa hiyo Rhéal akawa anatoka kazini, anakula, anaingia kile kilichokuwa chumba cha Josiane, anafunga mlango. Mvua ya kompyuta inaanza kunyesha, na nyumba inatulia kama maji mtungini.

Utulivu huo ulikuwa na gharama, na mlipaji alikuwa Huguette. Yeye alikuwa msusi na mkata nywele, na saluni yake ilikuwa jikoni: kiti kimoja, kioo kimoja, sinki la kuoshea. Wateja wake walikuwa wanawake wa makamo, na tuseme kweli, nywele zilikuwa kisingizio tu. Walikuja kusema. Wiki ya kwanza aliwaomba wanong'one. Wiki ya pili aliwaomba wanyamaze kabisa, akiwaonyesha mlango wa chumba kwa kidole. Bi Plourde, mke wa Yvon anayeendesha greda la theluji, alikaa na dawa ya mawimbi kichwani, midomo ameibana, macho yamemtoka kwa habari alizokuwa nazo na hakuna wa kumpa. Alilipa, akaaga kwa kichwa, asirudi tena. Baadaye ikasikika kwamba anatengenezwa na binti mmoja mpya karibu na kituo cha mafuta. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Huguette alikitazama kiti kitupu, akajiambia mwezi wa tatu si mbali.

Mwingine aliyeumia ni Fernande, mama yake Rhéal, bibi wa miaka themanini aliyekuwa akiishi nao. Huyu dunia ilikuwa imembakizia raha moja, bingo ya redio. Kila Jumanne jioni mji mzima unakaa mezani na kadi zilizonunuliwa dukani, mtangazaji anaita namba, na anayejaza mstari wa kwanza anapiga simu kituoni. Sasa Huguette alikuwa ameipunguza redio mpaka ikawa na sauti ya mbu, na bibi wa watu analaza sikio juu yake kama daktari anayetafuta moyo.

"Hata marehemu hanyamaziwi hivi," Fernande alilalamika. "Marehemu angalau wanamwimbia."

"Vumilia, Mama. Ni kwa ajili ya mwanao."

Bibi akaguna, akarudisha sikio kwenye redio.

*

Jumanne moja bingo iliisha, mshindi akatangazwa kuwa Bi Plourde, yule yule aliyehamia kwa msusi wa kituo cha mafuta, na Fernande akabaki anazitazama kadi zake kwa uchungu. Saa ya chumbani ikafika sifuri. Rhéal akatoka akijinyoosha, akapita nyuma ya mama yake, akatupa jicho mezani.

"Mama, mbona arobaini na mbili hujaitia alama?"

"Haikuitwa."

"Imeitwa, mapema tu. Ikafuata kumi na tisa, halafu sabini, halafu ile saba iliyomfanya mtangazaji akohoe."

Akaendelea, huku akijikatia mkate, anazitaja namba moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, kama mtu anayetaja watoto wa dada yake. Fernande alifuata kwa kidole. Zote zilikuwepo. Kama angelitia alama ile arobaini na mbili, mstari wake ungelijaa zamani, kabla Bi Plourde hajainua simu.

"Mungu wangu, Rhéal," bibi alisema taratibu. "Si ungenigongea ukuta?"

Rhéal alicheka. Huguette, aliyekuwa anakoroga supu ya njegere, hakucheka. Aliutua mwiko. Redio ilikuwa na sauti ya mbu, mlango ulifungwa, mvua inanyesha humo ndani, na mtu aliyezama kitabuni amezishika namba zote za bingo kwa mpangilio wake.

Alimuuliza leo amesoma nini. Rhéal akajibu, machujio. Sura ya ngapi? Ile ya machujio. Huguette akapangusa mikono, akaingia chumbani. Kitabu kilikuwa wazi kwenye ukurasa wenye picha ya pampu, na juu ya pampu kulikuwa na duara la kahawa. Duara lile alilijua, ni yeye aliyeliacha wiki iliyopita alipopeleka kikombe. Alifunua kurasa zinazofuata. Zilikuwa zimeshikamana bado, kitabu kipya kabisa.

Aliporudi jikoni Fernande aliiona sura yake, akabeba bakuli lake la supu akaenda kulia chumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Wateja wangu wameondoka," Huguette alisema. Hakupaza sauti, alikuwa ameshasahau namna ya kuipaza. "Mbwa wetu siku hizi ananibwekea mimi. Nimemnyima mama yako redio. Nikijua unasoma. Ulikuwa unafanya nini humo ndani, Rhéal?"

"Nakaa."

"Unakaa."

"Naangalia saa."

Alidhani anafanyiwa mzaha, na hasira ikampanda kweli, kiasi kwamba alikitafuta kitu cha kukirusha akaona taulo tu. Lakini mumewe hakuwa na uso wa mzaha. Alikuwa amekishika kile kipande cha mkate kwa mikono miwili.

"Herufi hazitulii," alisema. "Neno nalishika mwanzo, nikifika mwisho wake, mwanzo umeshapotea. Ni tangu shule. Nikiingia mle, nafungua kitabu, najaribu, nachoka. Namba nazijua. Pale mezani, Huguette, kitu pekee ninachoweza kukisoma ni ile saa."

Huguette akavuta kiti chake cha wateja, akakaa.

Miaka ishirini na minane ya ndoa. Barua zote alifungua yeye, kwa kuwa mume macho yamechoka. Fomu zote alijaza yeye, kwa kuwa mume mwandiko wake mbaya. Mgahawani Rhéal alikuwa mtu wa kusema "na mimi nipe hicho hicho", na mkewe alimwona ni mtu asiye na makuu. Mke hujua mengi bila kuyatamka, lakini hili hakulijua, au alilijua likamkalia upande ambao hakuwahi kuugeukia. Alimwonea huruma, akaona aibu, na bado alikuwa na hasira za wateja wake, vyote kwa pamoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Kabla ya ndoa usingenitaka. Baada ya ndoa nilikuwa nimeshakudanganya."

Huguette aliitazama supu, imeshapoa. Alinyanyuka, akaipasha supu upya, wakala. Ilikuwa katikati ya bakuli alipoanza kujisemea, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti yake ya zamani ya kusikika mpaka barabarani. Namba zote zile Rhéal alizishika kwa kuzisikia mara moja, kupitia mlango, chini ya mvua. Na kazi yote ya mtambo Lucien alimfundisha kwa mdomo, kwa kupiga kelele kuzishinda pampu. Kumbe wao wamekuwa wakimziba masikio mtu anayesomea masikio!

"Kumbe mvua ile ndiyo iliyokuwa inakufelisha," alisema.

"Mvua haina kosa," Rhéal akajibu. "Ni nzuri. Nilikuwa napata usingizi."

*

Kesho yake Huguette alikwenda kumchukua mbwa. Akampigia simu kila mteja, hata Bi Plourde, akawatangazia kwamba kwake kelele ruksa. Wakarudi kwa hatua za tahadhari, kama watu wanaoambiwa barafu ya ziwa sasa inakanyagika.

Kuanzia hapo masomo yakahamia jikoni. Huguette alikisimamisha kitabu mbele ya kioo, akawa anasoma huku mkasi unafanya kazi. Rhéal alikaa mezani anamenya viazi, anarudia kila sentensi. Mara nyingi aliiboresha, maana waandishi wa vitabu hivyo wana tabia ya kuzungukazunguka. Wateja nao hawakukubali kukaa kama magogo. Walitaka kujua klorini ikizidi inakuwaje, na maji ya bomba yananukiaje masika, na kwa nini chai ya kwa mkwe ni mbaya kuliko ya kwao. Mwanamke mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia alitoa kichwa nje, akauliza kama matope yakizidi mtoni chujio linaoshwa kwa kurudishiwa maji kinyume au la. Rhéal akamwambia ndiyo, shangazi, umepata. Mama wa watu alifurahi siku nzima. Ile saa ya kompyuta sasa Huguette aliitumia kupimia dawa ya rangi, isije ikaunguza nywele za mtu.

Walioshangaa kwa nini asomewe, Huguette aliwaambia ni macho. Daktari amemkataza kuyachosha. Ulikuwa uongo mzuri, na mji ukaumeza vizuri. Watu wakamletea Rhéal matone ya macho na karoti.

Lakini mtihani wenyewe ungekuwa kwenye karatasi, chumba kimya, kila mtu na kalamu yake. Huguette akapiga simu kwa wanaosimamia. Akaambiwa kwamba msomaji anaruhusiwa kabisa, mtahiniwa anasomewa maswali na kujibu kwa mdomo, ila kuna fomu, nayo hutolewa na mwajiri, na mwombaji aende mwenyewe aeleze sababu. Mwajiri maana yake ofisi ya manispaa. Ofisi ya manispaa maana yake kaunta ya Ginette, palipo na foleni tangu asubuhi, na masikio mengi kuliko leseni za mbwa zinazolipiwa pale.

Rhéal alikataa. Alikataa kwa upole, kama anavyokataa mtu anayeongezwa chakula. Huguette alimkumbusha kwamba kampuni ikija, yeye ndiye atakayekwenda kuomba kazi ya kuondoa theluji uwanja wa hoki, na Yvon Plourde ndiye atakuwa bosi wake. Yvon huyo alisoma naye darasa moja. Siku moja sista aliyewafundisha alimsimamisha Rhéal asome mbele ya watoto, akasimama mpaka kengele ikalia, bila kutoa neno. Tangu siku hiyo Yvon anamwita Profesa, hata kwenye mazishi.

"Nikifeli, nitakuwa mtu aliyefeli," Rhéal alisema. "Wako wengi, wala hawatazamwi. Nikiipeleka fomu ile, nitakuwa kitu kingine."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wahenga hawakuwahi kukaa Val-Perron.

Huguette aliendelea kumsomea, hakulirudia neno la fomu. Ilikuwa ni jambo la mtambo, si la nyumbani, lililomgeuza. Alhamisi moja walikuja vijana wawili wa ile kampuni ya mbali, viatu vyao vyembamba vimeloa theluji, na halmashauri ilikuwa imewaruhusu waangalie mahali. Walisalimia vizuri tu. Wakamuuliza Rhéal kama ni yeye anayefagia. Lucien alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno, hakuwepo wa kuwaambia. Rhéal akasema ndiyo, huwa anafagia pia. Basi mmoja akamkabidhi ncha ya futi kamba, akamwambia shika hapo, kaka, usiachie. Rhéal akashika. Wao wakapima urefu wa ukuta, wakajadiliana meza yao itakaa wapi, wakapima na upana. Alishika ncha ile chumba kizima, akihamishwa kona hadi kona, na hapo katikati pampu namba mbili ilibadilisha mlio. Aliusikia, wao hawakuusikia. Alisubiri wamalize ndipo akaenda kuishughulikia.

Alipofika nyumbani hakula. Alimwambia Huguette ampe koti lake la kanisani.

*

Foleni kwa Ginette ilikuwa na watu sita. Rhéal alisimama nyuma yao, kofia mkononi, na kabla hajafika mbele mlango ulifunguka akaingia Yvon Plourde, akija kulipia leseni ya mbwa wake.

"Profesa! Macho yanasemaje?"

"Yapo."

"Kula karoti."

Zamu ikamfikia. Ginette, karani, alikuwa mwanamke mwema, na wema wake ndio uliokaribia kumponza. Rhéal aliitaja fomu kwa jina lake. Ginette akaitafuta, akaiweka kaunta, akamwekea na kalamu, akamwonyesha kimeza cha pembeni akaijazie pale. Rhéal hakuichukua kalamu. Ginette akaitazama ile kalamu, akamtazama yeye, akakumbuka.

"Aa, samahani, macho! Lete, nitakuandikia mimi." Akainama, akaanza kuandika. "Sababu ya kuomba msomaji: macho. Nikuwekee macho, eeh?"

Neno lilikuwa limeshapikwa na kupakuliwa, kazi yake ilikuwa kuitikia tu. Mji mzima ulilijua na kulikubali. Rhéal alifikiria kuitikia, na mdomo ulikuwa tayari. Halafu alifikiria cheti cha daktari watakachokitaka, na uongo mwingine wa kuushikilia ule wa kwanza, na uchovu ukamjia, ule ule wa kitabu. Alikuwa ameshika vya kutosha kwa wiki ile.

"Hapana, Ginette. Macho yangu mazima," alisema. "Kusoma ndiko sijui."

Alisema kwa sauti ya kawaida, nayo kwa mtu aliyezoea pampu ni kubwa. Nyuma yake foleni ilikoma kusema. Ginette akageuka mwekundu, akauliza kwa kunong'ona kama wangeingia chumba cha ndani wazungumze. Rhéal akasema hapa panatosha, aandike kama alivyosikia. Kalamu ikaandika. Ilichukua muda, kwa sababu Ginette alikuwa anajitahidi kuandika vizuri.

Aligeuka kuondoka. Yvon Plourde alikuwa amesimama mbele yake na karatasi ya mbwa mkononi, mdomo wazi.

"Basi pita, Rhéal," alisema mwishowe. "Na sisi tuna shida zetu."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu utotoni.

Alipofika nyumbani habari ilikuwa imemtangulia, Huguette alikuwa ameshapigiwa simu mara mbili. Wiki zilizofuata watu walimwonyesha huruma ya kila namna, na karibu yote ilimuumiza. Wengine walianza kumsemesha polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba amekuwa kiziwi. Bi Plourde alimsimamisha mlangoni pa kanisa akamsomea tangazo la chakula cha hisani, lote, pamoja na namba ya simu. Rhéal akamshukuru. Nyumbani alikaa kwenye gari muda mrefu kabla hajaingia.

Mtihani alisomewa na msichana mwenye mafua, aliyekuwa anayataja maswali bila hamu, kama anayesoma bei za dukani. Rhéal alifumba macho. Akamsikia Huguette, akamsikia Lucien, akasikia na yule mama wa chini ya mashine. Alijibu yote, mengine aliomba yarudiwe kwa sababu ya pua ya yule binti. Alifaulu. Si kwa alama za kutangaza redioni, ila alifaulu, na halmashauri ikamthibitisha. Wale vijana hawakuonekana tena na futi kamba yao.

*

Jumapili iliyofuata Josiane alikuja kutoka Ottawa, Huguette akaoka pai ya nyama, na mezani kulikuwa na kelele za kila aina: redio, mbwa, Josiane akiomba radhi kwa ile saa yake huku anacheka, Huguette akimwambia kichwa chake ni cha chuo kikuu, si cha maisha. Rhéal alikuwa mtulivu, amevaa shati jipya, anakula kwa raha.

Fernande hakuwa anakula. Alikisogeza kipande chake huku na huku sahanini mpaka Huguette akamuuliza kama chumvi imezidi.

"Chumvi ni sawa," bibi alisema. Akazima redio mwenyewe. "Rhéal, mimi nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Ulikuwa na miaka minane. Sista alituita mimi na baba yako. Akasema huyu mtoto si mjinga, ila herufi hazimkalii, na kuna mwalimu wa watoto wa namna hii, yuko Sudbury. Baba yako akasema mtoto wa Courchesne hapelekwi Sudbury kama mgonjwa. Atazoea. Tukarudi nyumbani. Na mimi nikanyamaza."

Rhéal alimtazama mama yake kama mtu anayesubiri sentensi irudiwe. Miaka arobaini na minne alikuwa amesimama mlangoni akiilinda siri, na ndani ya nyumba ile ile watu walikuwa nayo mezani.

"Nilikuwa nakuona kanisani," Fernande aliendelea, "unachezesha midomo kwenye kitabu cha nyimbo. Moyo unaniuma, nageukia altare."

"Na Baba? Alikufa anajua?"

"Alijua. Alikuwa mtu wa majivuno, hakuweza kulisema. Lakini ulidhani kwa nini alikuwa anasoma gazeti kwa sauti kila jioni?"

Josiane, ambaye hakumwahi babu yake, akauliza gazeti gani. Bibi akamweleza kwamba babu yake, akirudi kutoka kukata magogo, amechoka hoi, alikuwa anakaa mezani na kusoma gazeti lote kwa sauti: hoki, vifo, bei ya viazi, mashine zinazouzwa, kila kitu, mpaka supu inapoa. Yeye mwenyewe hakuwa msomaji mzuri, alijikwaa. Kabla ya hapo hakuwahi kununua gazeti maishani mwake. Alianza wiki ile ya sista.

Rhéal aliutua uma.

"Nilikuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Nilikuwa na njaa, nina hasira za ujana, na yeye yuko kwenye matangazo ya matrekta. Nikamwambia, Baba, hebu nyamaza tule."

"Ulimwambia."

"Akakunja gazeti."

"Akalikunja," Fernande alisema. "Hakununua tena."

Huguette alinyoosha mkono mezani, akaushika wa mumewe. Rhéal hakuuondoa. Alikuwa anatazama upande wa kile kiti cha kukatia nywele, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, na Josiane, aliyekuwa amekaa karibu naye kuliko wote, ndiye pekee aliyesikia kwamba babaye alikuwa anataja bei za viazi.